Ubao wa Nauli

Nalipwa kwa herufi. Mia tano moja,
kubwa kwa ndogo, irabu kwa konsonanti,
nukta bure. Kazi yangu hapa Tanga
tangu mkono haujaanza kunitetemeka.

Jumatatu Kihiyo wa dirisha la tiketi
alinipa ubao mpya na kikaratasi:
TANGA – PEMBA
TANGA – ZANZIBAR.
Nikahesabu: tano na tano, tano na nane.
Ishirini na tatu. Nikakoroga buluu.

Rangi mbichi bado, akaja Bi Time Shaame
na kiroba cha machungwa ya Muheza.
Akasoma kwa sauti, kidole hewani,
kama anayemsomesha mtoto juzuu.
"Fundi, hebu nambie. Huku Pemba, huku Zanzibar.
Sisi tumetolewa lini,
na mbona hatukuitwa tukaagwa?"
Mama, nikasema, hii ni nauli tu.
"Ndivyo huanza. Nauli tu, jina tu,
kisiwa kidogo tu."

Nikatwaa tambara na mafuta ya taa,
nikaifuta Zanzibar, nikaandika UNGUJA.
Herufi sita.
Haki imenigharimu elfu moja.

Baada ya adhuhuri, Mahfudhi,
viatu vyeupe, simu mbili, boksi la vioo vya pikipiki.
"Unguja? Cheti changu kinasema Zanzibar.
Unguja walisema bibi zangu,
na siku hizi wanaotaka kutugawa.
Sie tunatoka kisiwa kikuu."
"Mkuu kwa nani?" Bi Time hakugeuka hata shingo,
alikuwa akihesabu machungwa.
"Kwa eka, au kwa ofisi?"

Kihiyo akatoa kichwa dirishani, mpatanishi:
andika VISIWANI yaishe,
sisi watu wa bara mambo yao hatuyajui.

Hapo nikaweka brashi chini mimi.
Bara? Nani, mimi? Mzaliwa wa Chumbageni,
maji ya chumvi yakijaa nayasikia kitandani?
Bara ni Handeni. Bara ni Korogwe.
Bibi yangu alisema Mrima,
na bara aliionyesha kwa kisogo.
Nikasahau kuwa Kihiyo kwao Korogwe.
Akarudisha kichwa ndani, taratibu,
kama droo.

Nikajaribu NG'AMBO.
Kila mtu ana ng'ambo yake, nilidhani,
herufi sita, ritifaa nawapa sadaka.
Mahfudhi akacheka bila meno.
"Ng'ambo ni mtaa alikozaliwa babu,
nyuma ya daraja.
Wenye nyumba za mawe ndio walioupa jina."

Tukanyamaza. Winchi ililia gatini.
Ndipo kuli mmoja, ameketi juu ya magunia ya saruji,
akasema: si muandike lile la zamani,
lile la huku kwetu, kabla hatujaungana?
Akalitaja zima, kwa sauti ya kawaida.
Neno la mtihani wa darasa la nne,
lakini mlinzi alitazama mlangoni
na Kihiyo akapata kikohozi.
Mie nililihesabu kwa mazoea tu. Kumi.
Nikaona nisilowahi kuliona
miaka yote hii ya kuandika mji huu:
Tanga imo mle ndani, nusu kamili,
na nusu iliyobaki, nyika.

Ubao ulitundikwa Alhamisi.
Kushoto TANGA, chini yake TANGA.
Kulia bei mbili, na kati yake
doa la buluu lililofutwa mara nne.
Kihiyo alinilipa hizo Tanga mbili:
herufi kumi. Elfu tano.
Hesabu ileile ya neno la yule kuli.

Abiria wamezoea. "Nipe ya thelathini na tano,"
wanasema, na hakuna anayekosea boti.
Ila asubuhi, jua likigonga kwa upande,
Zanzibar huchungulia chini ya Unguja,
A na R zake za mwisho
zimebaki nje, hazina pa kujificha.

Bi Time alirudi juzi, mikono mitupu.
Akasimama mbele ya ubao hadi foleni ikanung'unika.
"Na hiyo nafasi," akauliza,
"hiyo isiyo na kitu, fundi, umelipwa?"